Tramu za Kolkata na Vita vya Pesa Moja

Jioni ya tarehe 14 Oktoba 1954, mshairi Jibanananda Das alikuwa akivuka Rashbehari Avenue, kusini mwa mji wa Calcutta, ambao tangu 2001 huitwa rasmi Kolkata, tramu ikamgonga. Alilazwa hospitali, akafariki tarehe 22 ya mwezi huo huo, naye ana umri wa miaka 55. Alizaliwa Barisal, mji wa mito ambao mgawanyiko wa 1947 uliuacha upande wa Pakistani na leo umo Bangladesh. Waliomsoma katika uhai wake walikuwa wachache. Wanaomsoma leo hawana hesabu, na kila atajwapo, tramu hutajwa pamoja naye.

Hivyo ndivyo chombo hicho kilivyoingia katika tarehe ya ushairi wa Kibengali, kwa mlango wa msiba. Katika maisha ya mji kilikwisha kuingia zamani. Tramu ya kwanza, ya kuvutwa na farasi, ilianza tarehe 24 Februari 1873 kutoka Sealdah hadi Armenian Ghat, ukingoni mwa mto Hooghly, na kabla mwaka haujaisha ikasimamishwa kwa kukosa faida. Mwaka 1880 kampuni iliundwa London, reli zikatandikwa upya, na farasi wakarejea kuvuta katika joto lile. Tarehe 27 Machi 1902 umeme ukashika nafasi yao, baina ya Esplanade na Kidderpore. Wapo wanaopenda kudai kwamba hiyo ndiyo tramu ya umeme ya kwanza katika Asia nzima. Sivyo, Madras na Kyoto zilitangulia, zote mwaka 1895. Mji huu hauna haja ya sifa za kuazima. Sifa yake ya kweli ni kudumu: Madras iliziacha tramu zake mwaka 1953, Bombay mwaka 1964, Calcutta ikabaki nazo.

Tramu ilikuwa na mabehewa mawili. La mbele lilikuwa daraja la kwanza, lenye mapangaboi. La nyuma daraja la pili, la makarani wadogo, wanafunzi na wachuuzi. Nauli ya behewa hilo la nyuma ndiyo iliyozusha vita.

India ilikuwa huru kwa muda wa miaka karibu sita, lakini kampuni ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Julai 1953 ikaongeza nauli ya daraja la pili kwa paisa moja, na serikali ya jimbo ikaridhia. Paisa ilikuwa sehemu ya 64 ya rupia. Msomaji wa pwani hahitaji kamusi hapa: ndiyo hiyo pesa ya Kiswahili, iliyovuka bahari pamoja na rupia, na ambayo Sayyid Barghash aliitolea sarafu yake Zanzibar mwaka 1299 wa Hijra.

Abiria walianza kwa upole. Walipanda kama kawaida, wakamnyoshea kondakta nauli ya zamani, na nyongeza wakaikataa. Kisha ukaja mgomo, tramu zikasusiwa, barabara zikazibwa, mabehewa mengine yakachomwa moto. Polisi walijibu kwa virungu, mabomu ya machozi na risasi, na maelfu wakakamatwa. Mwezi haukumalizika ila nyongeza imesitishwa. Ni rahisi kwa mwenye rupia mfukoni kuwacheka watu waliokabili risasi kwa ajili ya pesa moja. Lakini mji ule ulikuwa umejaa wakimbizi kutoka Bengali ya Mashariki, na kwa mtu apandaye asubuhi na jioni, siku zote za kazi, pesa moja si moja. Tena hakuna aliyedai tramu ziondoke. Walipigania haki ya kuzipanda.

Serikali ya jimbo ilichukua uendeshaji mwaka 1967, na umiliki mwaka 1976. Ajabu ni kwamba tramu, iliyoponea mikononi mwa kampuni ya kigeni, ilidhoofika mikononi mwa wenyewe. Daraja la Howrah lilipofunguliwa mwaka 1943, chombo cha kwanza kulivuka kilikuwa tramu. Mwaka 1993 tramu ziliondolewa darajani hapo. Penye njia zilizotengwa, reli zikiwa peke yake kati ya barabara, nyingi zilisakafiwa na motokaa zikaruhusiwa kupita juu yake. Tangu hapo tramu ikawa inangoja nyuma ya teksi, kisha ikashitakiwa kwa uzito wa mwendo. Mashitaka hayo hayana insafu: aliyefungwa miguu halaumiwi kwa kuchelewa.

Mwaka 2023 mji uliadhimisha miaka 150 ya tramu. Septemba 2024 waziri wa usafiri wa jimbo alitangaza kwamba zitaondolewa, wakati kesi ya wazipendao ingali mbele ya Mahakama Kuu. Njia moja tu, alisema, itaachwa kwa ajili ya matembezi na kumbukumbu: ya Esplanade hadi Maidan, kipande kifupi cha ile iliyofunguliwa mwaka 1902, kipitacho kando ya majani ya uwanja mkubwa, mahali ambapo hapana karani ashukaye kwenda kazini.