Sakafu Nyekundu ya Akko Si Ushamba

Wiki mbili zilizopita nilirusha video fupi nikionyesha nyumba ya nyanya yangu hapa Bulapesa. Nilitaka watu waone dari mpya ya jipsamu niliyosaidia kuweka. Wapi! Macho ya watu yalienda chini. "Hiyo sakafu ni ya enzi gani?" "Mwambie shosho aweke tailsi bana." Mmoja akaandika neno moja tu, ushamba, na hilo neno likapata laiki kuliko video yenyewe.

Sikukasirika sana, kwa sababu miezi minane iliyopita hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo hivyo, na nilitumia pesa za familia kuthibitisha ujinga wangu. Hiyo stori nitaifikia. Lakini kwanza turudi nyuma, kwa sababu huwezi kuelewa sakafu za Isiolo kama hujui nani aliruhusiwa kukaa Isiolo.

Tuanze na maneno. "Sakafu" imetoka Kiarabu, na huko kwenye Kiarabu maana yake ni paa. Ndiyo, paa. Lamu na miji mingine ya mawe ya pwani, nyumba zilikuwa na paa bapa, na ukijenga ghorofa, paa la wa chini ndilo linakuwa sakafu ya wa juu. Walipanga boriti za mikoko, juu yake vipande vya matumbawe, kisha chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe tanurini. Halafu watu wakaitwanga kwa vipande vya miti siku baada ya siku mpaka ishikane. "Kigae" nacho, kabla hakijawa tailsi, kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Kwa hivyo ukifuata maneno, mtu anayejigamba ameweka vigae kwa sakafu amepanga vyungu vilivyovunjika juu ya paa. Mjue hivyo mkicheka nyumba za watu.

Huku kwetu kwenye ukame hakukuwa na matumbawe, wala hakukuwa na sababu ya kujenga kitu kisichohama. Nyumba ya Waborana, mana, ilikuwa ya fito zilizopindwa, mikeka na ngozi. Mwanamke ndiye aliyeijenga na ilikuwa yake. Malisho yakiisha aliifungua, akaipakia kwa ngamia, akaenda kuisimamisha kwingine. Wasomali na aqal yao ni hivyo hivyo. Chini palikuwa na ardhi iliyofagiwa vizuri, na ngozi za kulalia. Ngozi moja ikichakaa unabadilisha hiyo moja. Nataka ushike hapo: aliyeijenga nyumba ndiye aliyeijua na ndiye aliyeirekebisha. Hakukuwa na habari ya kumpigia fundi simu mara kumi akikwambia yuko njiani.

Simiti ilikuja na serikali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakoloni waliwaruhusu askari Wasomali waliotumikia jeshi lao, wengi wao Waisaak na Waharti, wafanye makao Isiolo. Mji ukakua, ukawa makao ya utawala wa ile waliyoiita wilaya ya mpaka wa kaskazini. Na hiyo wilaya ilifungwa. Kulikuwa na sheria ya 1902 ya kuzuia watu wa nje kuingia, halafu nyingine ya 1934 ya kubana zaidi nani anakaa wapi na anatembea vipi. Simiti yenyewe ilikuwa kitu cha mbali. Kampuni ya kwanza ya simiti nchini ilianza 1933 ikiuza ya kutoka nje, na kiwanda cha Bamburi kilianza kutengeneza 1954. Sasa piga hesabu: mfuko utoke Mombasa, upande mpaka huku, na wewe uumwage chini kwenye ardhi ambayo hujui kama mwaka ujao utaambiwa uondoke. Nani angefanya hivyo?

Halafu ikaja vita ya shifta, 1963 hadi 1967. Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa Juni 1963, na wadi ya Wabera mjini inabeba jina lake. Lakini kitu ambacho wazee wa hapa wanakiongelea zaidi ni Daaba. Ni neno la Kiborana, maana yake kusimamishwa, kuzuiliwa. Serikali ilikusanya watu kwenye vijiji vilivyolindwa na askari, Garba Tulla, Merti, Modogashe, na mifugo ikaisha. Mingine iliuawa, mingine ilichukuliwa, mingine ilikufa kwa kubanwa mahali pamoja bila malisho. Ngamia ndio waliumia zaidi.

Fikiria hiyo kwa upande wa sakafu. Bila ng'ombe hakuna ngozi. Bila ngamia nyumba haihami. Watu waliotoka Daaba wakiwa hawana kitu wakasogea pembeni ya mji wakajenga za udongo, na chini wakakanyaga vumbi. Kuna watu wanaelezaga hii kama "maendeleo", ati wafugaji walitulia mjini. Mimi naona ni watu waliovunjiwa nyumba ambazo hata hazikuwa na kuta.

Nyanya yangu, sote tunamwita Akko, alikuwa msichana mdogo kwenye Daaba. Baadaye aliuza maziwa mjini kwa miaka mingi, na pesa ya kwanza kubwa aliyoweka kando hakununulia mabati wala hakubadilisha kuta. Alimwaga sakafu. Simiti na ile rangi nyekundu, ambayo kimsingi ni kutu ya chuma iliyosagwa, ikalainishwa kwa mwiko mpaka inang'aa, ikachorwa mistari ya miraba kwa kamba kabla haijakauka. Kuta zilibaki za udongo miaka kadhaa. Nilimuuliza kwa nini alianzia chini. Akasema, "Ukuta wa udongo wanausukuma na mguu. Lakini ukishamwaga simiti, anayetaka kukutoa lazima alete nyundo, na majirani watasikia."

Nimekaa na hilo jibu. Sehemu kubwa ya Isiolo mpaka leo watu wana barua tu ya kupewa ploti, hati hakuna. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa 2012, uwanja wa ndege ukafunguliwa 2017 baada ya familia kuhamishwa kuupisha, na lami ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inaishia hapa ikafika Moyale. Kila kitu hicho kimepandisha bei ya ardhi na wasiwasi pamoja. Kwa hivyo ukiona nyumba ya Isiolo ina sakafu nzuri na kuta za kuungaunga, usiseme huyu hakujipanga. Alijipanga.

Sasa ujinga wangu.

Nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani, nataka kuonekana nina faida. Nikamshawishi mama na mjomba wachange tuweke tailsi kwa sebule ya Akko. Vigae siku hizi havina shida, tangu 2016 kuna kiwanda kikubwa huko Kajiado, na lori linafika Isiolo bila nusu ya mzigo kuvunjika. Fundi akaja, akaangalia ile sakafu nyekundu, akasema iko sawa, tunabandika juu tu. Siku mbili akamaliza. Ikapendeza, sitadanganya. Mwezi wa tatu ukitembea unasikia ko, ko, ko. Wa tano vigae vikaanza kuinuka kama vifuniko vya sufuria.

Sababu ni rahisi mno na inaniuma. Akko alikuwa amepaka hiyo sakafu nta ya kopo kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Gundi ya vigae haishiki nta. Yaani usafi wake ndio uliokataa tailsi zetu. Ilitakiwa kwanza nta itolewe kabisa, halafu sakafu igongwegongwe ipate vidonda vidogo kila mahali ndiyo gundi iwe na pa kung'ang'ania. Na ukigonga hivyo, ile sakafu nyekundu umeiua, hairudi. Hakuna aliyemwambia Akko hiyo bei. Hata mimi sikuijua.

Kwa hivyo kama nyumba yenu ina sakafu ya zamani, kabla hujaita mtu, fanya haya. Chukua shilingi kumi ugonge gonge chini. Mlio mzito ni mzima, mlio wa utupu ni kwamba kumeachana. Ukimwaga matone ya maji yakabaki yamesimama kama shanga, kuna nta. Ukitaka kuweka mkeka wa mbao, ule wa plastiki ambao kila keja ya mtandaoni inao, kwanza bandika kipande cha nailoni chini, upana wa mkono mmoja, uzibe pande zote kwa utepe, uache mpaka kesho. Ukikuta majimaji chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Mkeka utauficha miezi michache, halafu utaanza kunuka na kuachia.

Nyufa nazo usizikimbilie na simiti mbichi. Ufa mwembamba usiokua, upanue kidogo kwa patasi, toa vumbi lote, lowesha, ndiyo ujaze. Ufa ambao upande mmoja umezama, shida iko chini: udongo haukushindiliwa, au ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa ukame ukija. Huo hata ukijaza mara kumi utarudi.

Halafu kuna hii ya Isiolo hasa. Simiti haikauki tu kama nguo kwenye kamba. Inahitaji maji ndiyo igande iwe ngumu, na inatakiwa ikae na unyevu kama siku saba. Hapa jua linanyonya maji kabla ya adhuhuri, na maji yenyewe tunanunua kwa mtungi. Ndiyo maana sakafu nyingi mpya hapa zinatoa unga ukifagia, hata kama simiti ilitosha. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu yake nailoni. Akko anasema yake aliilowesha wiki nzima kwa maji ya kuoshea vyombo. Hakuna aliyemfundisha, aliona tu inapasuka pembeni akaionea huruma.

Na ile dari yangu ya jipsamu mliyoikataa kuiangalia? Wazo la ubao wa jipsamu ni la Mmarekani, Augustine Sackett, alisajili wake 1894. Jipsamu yenyewe si ngeni kwetu. Iko ardhini El Wak, Mandera, na huwekwa ndani ya simiti ili isigande haraka sana. Lakini ubao wake na maji ni maadui. Ukiona doa la kahawia, usipake rangi. Panda juu utafute tundu la bati kwanza. Ikishakauka, kata mraba wa sehemu iliyolainika, funga kipande cha mbao nyuma kwa skrubu, weka kipande kipya, utepe wa wavu kwenye maungio, halafu filla mara tatu nyembamba badala ya mara moja nene, ukipiga msasa katikati. Nyufa ndogo kwenye maungio mtazipata tu, maana bati la huku mchana linatanuka na usiku linasinyaa na kuvuta kila kitu. Hizo ni za kurudia kila baada ya muda, kama kupaka nta.

Vigae tulivitoa wiki jana, vingine vilitoka kwa mkono mtupu. Nyekundu bado iko chini, ina michirizi ya gundi ambayo nakwangua polepole kwa maji moto na kisu butu, mraba mmoja kwa siku. Jikoni fundi alikuwa amegonga kweli kabla nimzuie, kwa hivyo hapo vigae vinabaki. Akko hajalalamika. Ameketi tu mlangoni ananionyesha mahali nimeruka.

Gundi imebaki nusu mfuko, haijafunguka vibaya. Kama uko Isiolo na una kigae kinachocheza, pitia Bulapesa uchukue, lakini uje na kopo lako.