Je, ni salama kumeza vitamini B12 pamoja na asidi ya foliki?

VITAMINI B12 na asidi ya foliki zinaweza kumezwa pamoja bila madhara kwa watu wengi. Zote mbili hushirikiana kutengeneza chembe nyekundu za damu, hivyo kukosekana kwa mojawapo huleta upungufu wa damu wa namna ileile.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kumeza asidi ya foliki peke yake. Mwenye upungufu wa B12 akiitumia kwa wingi, damu huongezeka na vipimo huonekana vyema, ilhali mishipa ya fahamu huendelea kuharibika kimyakimya: ganzi miguuni, kuyumba wakati wa kutembea, usahaulifu. Tiba ikichelewa, madhara hayo huweza kuwa ya kudumu. Wazee, wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama, na wagonjwa wa kisukari waliotumia metfomini kwa miaka mingi ni vema wapimwe B12 kwanza.

Mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kumeza maikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, ili kumkinga mtoto na mgongo wazi. Kiwango cha juu kwa mtu mzima, kilichowekwa Marekani mwaka 1998, ni maikrogramu 1,000 kwa siku. Kidonge cha miligramu 5, kilichozoeleka katika maduka ya dawa, hukizidi mara tano, na hakifai kutumiwa bila maelekezo ya daktari.