Ioni

Mwaka 1834 mwanasayansi Michael Faraday alihitaji jina la chembe zinazosafiri ndani ya kimiminika kinachopitisha umeme. Msomi William Whewell akampendekezea neno la Kigiriki lenye maana ya "kiendacho". Nasi tukalipokea: ioni. Atomu iliyopoteza elektroni ni ioni, na leo wanaastronomia wanazungumzia uionishaji upya wa ulimwengu, yaani elektroni kung'olewa tena kutoka kwenye atomu; hilo "upya" si pambo. Mwanzoni joto lilikuwa kali mno, elektroni zikizurura ovyo. Miaka kama 380,000 baadaye zikatulia ndani ya atomu, giza likatanda. Kisha miali ya urujuanimno kutoka galaksi za kwanza ikazing'oa tena kwenye hidrojeni, kazi iliyochukua mamia ya mamilioni ya miaka. Galaksi ndogondogo ndizo zinazoshukiwa zaidi kuifanya kazi hiyo. Zilikuwa nyingi mno.