Mitambo ya Tunguu

Katika historia ya Unguja na Pemba kuna sura moja fupi ambayo wanafunzi wetu huipita mbio: habari ya kituo cha Wamarekani kilichosimamishwa Tunguu baada ya mapatano ya mwaka 1960, kikaondolewa mwaka 1964. Yafaa tuitazame, kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo kila nchi ndogo huulizwa: mkubwa akiomba kiwanja cha kuwekea mitambo yake, nani mwenye haki ya kumjibu?

Marekani ilikuwa ikijitayarisha kumpeleka mtu angani katika mradi ulioitwa Mercury. Chombo chenyewe kilihitaji dakika 90 hivi kuizunguka dunia, na kila kilipozama nyuma ya upeo wa macho sauti ya aliyemo haikusikika tena chini. Ndipo ikatakiwa silsila ya vituo 18, viwili kati yake vikiwa melini. Baada ya Kano, katika Nigeria, njia ya chombo ilielekea Bahari ya Hindi kwa kupita Unguja. Jiografia ndiyo iliyokichagua kisiwa.

Mapatano yalitiwa sahihi London mwezi wa Oktoba 1960, mwezi ule ule aliofariki Sultani Khalifa bin Haroub. Waliotia sahihi ni Uingereza na Marekani. Unguja ilikuwa himaya, na mambo yake ya nje yalikuwa mikononi mwa Waingereza. Kwa sheria, basi, hapakuwa na kasoro. Walakini kwa desturi ya watu wetu kiwanja huombwa kwa mwenyewe, hakiombwi kwa mlinzi wake.

Chama cha Hizbu kilipinga hadharani. Uvumi ukaenea kwamba Tunguu panajengwa ngome ya makombora, na kwamba siku mataifa makubwa yatakapopigana kisiwa kitakuwa shabaha. Wako wasomi wanaoucheka uvumi huo. Mimi sioni cha kuchekwa. Leo mapaa ya Kinondoni na Temeke yamejaa masahani yaliyoinuliwa kuelekea mbinguni, wala hakuna mtoto anayeyashangaa. Mwaka 1960 mtambo unaosikiliza mbingu ulikuwa jambo la kutia hofu. Tena roketi ya Atlas, iliyomchukua John Glenn tarehe 20 Februari 1962 akaizunguka dunia mara 3, ilibuniwa kwanza ili kurusha silaha za nyuklia kutoka bara hadi bara. Watu walikosea juu ya Tunguu, ambako kazi ilikuwa kupokea ishara na kuzungumza na chombo. Juu ya nasaba ya roketi hawakukosea.

Ajabu ni yaliyofuata. Katikati ya mwaka 1961 Hizbu iliingia serikalini pamoja na chama cha Mohamed Shamte, na kituo kikabaki. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, kituo kikabaki. Waliokiondoa ni watu wa Afro-Shirazi, chama ambacho hakikuongoza kelele zile za kwanza: baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Karume iliagiza mwezi wa Aprili kwamba mitambo iondolewe. Mradi wa Mercury ulikuwa umekwisha tangu Mei 1963, lakini safari nyingine zilikuwa zikitayarishwa, na Wamarekani hawakupenda kuondoka.

Kwa maoni yangu hili ndilo jibu la kwanza lililotolewa Unguja na wenyeji wenyewe juu ya kituo kile. Hata hivyo tusilipambe kupita kiasi, kwani katika miezi ile ile Wajerumani wa Mashariki na Wachina walikuwa wakikaribishwa visiwani, na bei ya urafiki huo ililipwa Dar es Salaam. Mapema mwaka 1965, Tanzania ilipowakubalia Wajerumani wa Mashariki kuwa na ubalozi mdogo katika mji huo, serikali ya Bonn iliuondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere hakukubali kuchaguliwa marafiki. Akaukataa na msaada uliobaki.

Wamarekani nao walihamia Bukini, wakaweka kituo karibu na Tananarive. Mwaka 1975 serikali ya huko ilidai kodi ya kiwanja kwa miaka iliyopita, na kituo hicho nacho kikafungwa.