Jeki ya haidroli

Jeki ya haidroli ni kifaa cha kuinulia vitu vizito, hasa magari, kwa nguvu ya mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikigandamizwa, kanieneo yake huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kushindilia iliyotumia kanuni hiyo.

Jeki ina pistoni mbili. Ndogo ikiwa na eneo la sentimita mraba 1 na kubwa 20, nguvu huongezeka mara 20. Lakini hakuna cha bure: ndogo husukumwa sentimita 20 ili kubwa ipande sentimita 1 tu. Ndiyo maana fundi hupampu weee, na gari linapanda kwa kujivuta. Vali za njia moja huyazuia mafuta yasirudi. Skrubu ya kushushia ikilegezwa, mafuta hurudi tangini.

Jeki inayoshuka yenyewe ikiwa na mzigo mara nyingi ina sili iliyolika au uchafu kwenye vali. Inayonesanesa imeingiwa na hewa. Hewa hutolewa kwa kulegeza skrubu ya kushushia na kupampu bila mzigo. Mafuta yakipungua, huongezwa ya haidroli. Ya breki, ambayo wengine humimina kwa sababu tu yako karibu, huharibu sili nyingi za jeki. Na hata jeki ikiwa nzima, usiingie chini ya gari kabla ya kuliegemeza kwenye stendi za chuma.