Chemirocha

Chemirocha ni jina la nyimbo tatu za Wakipsigis wa Kenya zilizorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1950 huko Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, kusini magharibi mwa Nakuru. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers (1897–1933), mwimbaji wa kantri wa Marekani, jinsi lilivyotamkwa na vijana waliozisikia sahani zake za santuri. Maarufu zaidi ni wimbo wa tatu, ulioimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake kwa kinubi cha kienyeji. Humo Rodgers amekuwa nusu mtu, nusu paa, naye anaalikwa kucheza.

Kuna kipindi bendi ya roki iliyotaka kwenda na wakati ilimkabidhi DJ wimbo wake aupigie mdundo wa disko. Wasichana wa Kapkatet walifanya jambo la ujasiri zaidi: walimtwaa nyota wa ng'ambo wakamchezesha kwa mdundo wao. Katika miaka ya 2010, studio ya Ketebul Music ya Nairobi na maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini zilizirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis.