Pad Iko na Taa Lakini Gemu Haioni? Rada ya Kontena za Linux Ndio Hii

Ijumaa jioni, base ya gemu pale Kondele imejaa. Stima inapepesa mara moja tu. Laptop iko na betri kwa hivyo mechi haizimi, lakini hub ya USB imezima ikawaka tena. Wachezaji wamesimama uwanjani kama sanamu, na msee ashalipa anataka doo yake irudi. Pad iko na taa, kebo iko fiti, ni gemu tu haioni kitu.

Kama gemu yako iko ndani ya kontena ya Linux, usikimbie kununua pad ingine. Mara nyingi pad haijakufa. Habari ya kuchomekwa kwake ndio imekwama njiani.

Shida inatoka wapi?

Kontena inafungia programu kwa chumba chake, iwe ni Docker, Flatpak ama Incus. Utamu wake ni kwamba gemu ikiharibika unafuta chumba unaanza upya, mashine yenyewe haiguswi.

Sasa, ukichomeka pad, keneli (moyo wa Linux) inaitambua na kuunda faili kama `/dev/input/event7`. Kisha udev, ile programu inayosimamia vifaa, inaweka ruhusa na kutangaza kupitia netlink kwamba mgeni amefika. Hayo yote yanafanyika nje ya kontena.

Cheki hivi: boda amekuletea mzigo kwa ploti Milimani. Lazima kuwe na mlango, soja amruhusu, na mtu akuambie amefika. Kontena inaweza kukosa vyote vitatu.

1. Mlango: faili haiko

Wengi huanzisha Docker na `--device /dev/input/event7`. Hiyo inapitisha kifaa kilichokuwepo wakati kontena inaanza, basi. Stima ikirudi, pad nne zinaweza kuamka na namba tofauti, na kontena haina habari. Pitisha folda nzima:

`-v /dev/input:/dev/input`

Hapo faili mpya ikitokea nje, inaonekana ndani pia. Hakikisha na `ls /dev/input` ukiwa ndani ya kontena.

2. Soja: ruhusa

Kuona faili si kuifungua. Kuna soja anaitwa cgroup, na yeye huangalia namba ya aina ya kifaa. Vifaa vya kuchezea, kibodi na mausi viko chini ya namba 13, kwa hivyo ongeza:

`--device-cgroup-rule='c 13:* rmw'`

Jaribu kufungua faili na `evtest`, halafu soma kosa vizuri. "Operation not permitted" kawaida ni cgroup imekukatalia. "Permission denied" ni ruhusa za kawaida za faili, cheki kama mtumiaji wa ndani yuko kwa kikundi cha `input`.

3. Habari: gemu haijaambiwa

Hapa ndio wengi hupotea. Faili iko, inafunguka, na bado gemu imenyamaza. Sababu ni kwamba kontena ikiwa na mtandao wake, matangazo ya udev hayavuki kuingia.

Gemu nyingi za Linux zinatumia SDL kusoma pad. Iambie iache kungoja udev:

`-e SDL_JOYSTICK_DISABLE_UDEV=1`

Sasa SDL itachunga folda ya `/dev/input` yenyewe, na faili mpya ikiingia inaidaka. Kama gemu haitumii SDL, pitisha `/run/udev` kwa kusoma tu, pamoja na `--net=host`.

Flatpak na Incus je?

Flatpak kuanzia toleo la 1.16 iko na `--device=input`. Matoleo ya zamani yanahitaji `--device=all`, ambayo inafungua mengi zaidi. Incus nayo iko na aina ya kifaa inaitwa `unix-hotplug`: unaipa namba za mtengenezaji na bidhaa kutoka `lsusb` (Sony ni `054c`), nayo inaingiza pad kila ikichomekwa.

Chunga hii shortcut

Kuna mtu atakuambia weka `--privileged` na yaishe. Ni kweli pad inaweza kushika, lakini umemfukuza soja kabisa. Gemu ya kudownload ovyo sasa inaweza kugusa hata diski ya mashine yako. Hata kupitisha `/dev/input` nzima kuna bei yake: kontena inaweza kusoma kibodi, so usiandike PIN ya M-Pesa kwa mashine hiyo.

Kabla wateja waingie, chomoa pad mechi ikiendelea, hesabu hadi tano, rudisha. Ikishika, hata stima ipepese usiku mzima, hakuna mtu atakudai refund.